Kutoka Shamba Nambari 64 la Eldoret hadi nambari yenye tarakimu 20

ELDORET ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, ikawa ya tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Hata hivyo, wapo wakazi wa Uasin Gishu ambao hadi leo huiita kwa jina la zamani kuliko hilo la Eldoret: Sisibo.

Sisibo ni matamshi ya wenyeji ya nambari sitini na nne kama walivyoisikia ikitajwa kwa Kiingereza na walowezi. Makaburu kutoka Afrika Kusini walianza kufika katika uwanda huo mnamo 1908, nayo serikali ya kikoloni ikaigawa ardhi kwa mashamba yaliyopewa nambari badala ya majina. Posta ilipofunguliwa mwaka wa 1910, iliwekwa kwenye Shamba Nambari 64, lililokuwa limekodishwa kwa Willy van Aardt. Inasemekana shamba hilo lilichaguliwa kwa kuwa udongo wake ulikuwa duni na haukufaa kwa kilimo. Wako pia wanaoshikilia kwamba nambari hiyo ilitokana na umbali wa maili 64 kutoka kituo cha reli cha Kibigori. Mnamo 1912, Gavana Percy Girouard aliupa mji jina la Eldoret, lakini Sisibo halikufutika.

Ni nadra kwa mji kuitwa kwa nambari. Ni nadra zaidi nambari yenyewe kuwa na sifa nyingi kama hii iliyoangukia shamba la van Aardt.

Ukiiacha moja, 64 ndiyo nambari ndogo kuliko zote ambayo ni kipeo cha pili na kipeo cha tatu kwa wakati mmoja: ni 8 mara 8, na pia ni 4 mara 4 mara 4. Inayofuata yenye sifa hiyo ni 729. Aidha, 64 hupatikana kwa kuzidisha mbili sita pamoja. Ubao wa sataranji una miraba 64, safu nane za miraba minane. Nalo Bao la Kiswahili, kama linavyochezwa Lamu, Mombasa na Unguja, lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete zake ni 64.

Kutokana na mibao hiyo miwili huzaliwa nambari mbili kubwa ambazo ndizo kiini cha makala haya.

OMBI LA SISSA

Kisa kinachohusu ubao wa sataranji ni cha kale. Mfalme wa Bara Hindi alifurahishwa na mchezo huo, akamwambia aliyeubuni, Sissa, ataje zawadi aitakayo. Sissa aliomba nafaka: punje moja kwa mraba wa kwanza, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, nane kwa wa nne, na hivyo hivyo kila mraba ukiongezwa maradufu ya uliotangulia hadi wa 64. Mfalme aliona ombi hilo kuwa dogo mno, karibu liwe dharau.

Jumla ya punje hizo ni 18,446,744,073,709,551,615. Kwa maneno ni kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551 na mia sita kumi na tano. Nambari hiyo ni mbili 64 zikizidishwa pamoja, kisha ikitolewa moja.

Wasomi wa ulimwengu wa Kiislamu waliishughulikia hesabu hii karne nyingi zilizopita. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani ya Zanj katika karne ya 10 na kuandika habari za kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi hukitambua kuwa ni Pemba, aliigusia katika kitabu chake. Al-Biruni, mnamo mwaka wa 1000 hivi, alionyesha njia fupi ya kuipata. Naye Ibn Khallikan, mwanahistoria wa karne ya 13, aliandika kwamba yeye mwenyewe hakusadiki mpaka alipokutana na mhasibu wa Iskandaria aliyemfafanulia.

Mhasibu huyo hakumtajia nambari ndefu. Alizihesabu punje hadi mraba wa 16, zikawa 32,768, akazichukulia kuwa kipimo kimoja cha nafaka. Kutoka hapo aliviongeza vipimo maradufu mpaka vikawa ghala, kisha maghala 1,024 akayafanya kuwa mji, na mji huo mmoja ukawa umefikiwa kwenye mraba wa 50. Miraba 14 ikibaki, alimalizia na miji 16,384 iliyojaa maghala. Ibn Khallikan alikubali, kwa kuwa dunia haina miji mingi kiasi hicho.

HESABU HIYO KWA GUNIA LA UASIN GISHU

Eneo linalotambuliwa kuwa ghala la chakula la Kenya halihitaji vipimo vya Iskandaria. Tuchukue punje ya mahindi yenye uzito wa gramu 0.3, kadirio lisilo mbali na uhalisia. Gunia la kilo 90 litakuwa na punje 300,000.

Safu ya kwanza ya ubao, yaani miraba minane, ina punje 255. Hizo hazitoshi hata kuandaa kikombe cha githeri. Mraba wa 13 unapojazwa, jumla ni punje 8,191, zaidi kidogo ya gorogoro moja ya kilo mbili. Safu ya pili ikikamilika ni kilo 20 hivi, kama debe. Ya tatu ikikamilika ni magunia 56, mavuno ya mkulima mdogo aliyepata mwaka mzuri.

Safu ya nne ndiyo nusu ya ubao, na pia ndiyo idadi ya mashimo yote ya bao. Hapo jumla ni punje 4,294,967,295, sawa na magunia 14,316. Huu ni mzigo mkubwa lakini hautishi: malori 46 ya tani 28 yangeumaliza, na foleni yake nje ya bohari la Bodi ya Nafaka na Mazao isingemshangaza mkazi yeyote wa Eldoret msimu wa mavuno. Mfalme angeweza kuulipa asubuhi moja na kurejea kwenye mchezo wake.

Nusu ya pili ni habari nyingine. Kila safu huizidisha jumla kwa 256. Safu ya tano inafikisha magunia milioni 3.7. Ya sita inafikisha magunia milioni 938. Tukichukulia kwamba Kenya nzima huvuna magunia milioni 45 kwa mwaka, hayo ni mavuno ya takriban miaka 21. Ya saba ni magunia bilioni 240. Ya nane inakamilisha ubao kwa magunia trilioni 61.5, ambayo wakulima wa Kenya wangeyatoa kwa muda usiopungua miaka milioni 1.3, bila ukame, bila viwavijeshi, na bila mtu yeyote kuonja ugali.

Mahindi hayo yakitandazwa juu ya Kenya yote, kuanzia Vanga hadi Lokichoggio, yangefanya tabaka la kina cha mita 13, kimo cha jumba la orofa nne. Yakimwagwa ndani ya mipaka ya Kaunti ya Uasin Gishu pekee, kina chake kingepita kilomita mbili. Kwa vile Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, uso wa lundo hilo ungelingana na kilele cha Mlima Elgon, chenye mita 4,321, au hata kukipita kidogo.

Siri ya mruko huu iko katika sifa moja tu, na ni rahisi kuithibitisha kwa kalamu. Jumla ya mraba wa kwanza na wa pili ni 3. Mraba wa tatu una 4. Jumla ya mitatu ya kwanza ni 7. Wa nne una 8. Jumla ya minne ni 15. Wa tano una 16. Kila mraba huipita jumla ya miraba yote iliyoutangulia kwa moja kamili. Kwa hiyo mraba wa 33 pekee una mahindi mengi kuliko nusu yote ya kwanza, na mraba wa 64 pekee una zaidi ya nusu ya zawadi yote ya Sissa.

NDANI YA NAMBARI YENYEWE

Njia fupi ya Al-Biruni ni kuacha kuongeza maradufu na badala yake kuzidisha nambari kwa nafsi yake. Anza na 2. Mbili mara mbili ni 4. Nne mara nne ni 16. Kumi na sita mara 16 ni 256. Kisha 65,536. Kisha 4,294,967,296. Hatua ya sita inatoa 18,446,744,073,709,551,616. Hatua sita zinafanya kazi ya miraba 64, kwa sababu 64 yenyewe ni mbili sita zilizozidishwa pamoja. Nambari nyingine ya shamba, tuseme 63 au 65, isingeruhusu njia nyoofu namna hiyo.

Ukitoa moja, unaipata nambari ya Sissa. Ni witiri, inaishia na 5, hivyo inagawanyika kwa 5. Tarakimu zake 20 zikijumlishwa zinatoa 87, nayo 87 inagawanyika kwa 3, hivyo nambari nzima pia inagawanyika kwa 3. Haya ni mambo ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuyang'amua bila kikokotoo.

Yaliyosalia ni mazuri zaidi. Ongeza moja kwa kila nambari katika mlolongo wa Al-Biruni kabla ya kufika mwisho: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Zidisha hizi sita pamoja na utaipata nambari ya Sissa kamili, bila kubakisha hata punje moja. Msomaji anaweza kujaribu mwanzo wake: 3 mara 5 ni 15; 15 mara 17 ni 255; 255 mara 257 ni 65,535. Kila mara jibu ni moja pungufu ya nambari inayofuata katika mlolongo. Ikumbukwe pia kwamba tano za kwanza zikizidishwa zinatoa 4,294,967,295, ile ile jumla ya mashimo 32 ya bao.

Mfaransa Pierre de Fermat aliziangalia nambari hizo sita mnamo 1640. Tano za kwanza ni nambari tasa, yaani hazigawanyiki kwa nambari nyingine yoyote isipokuwa moja na zenyewe. Fermat aliamini kuwa ya sita nayo ni tasa, pamoja na zote zitakazofuata kwa utaratibu huo. Imani hiyo ilidumu kwa muda wa miaka 92. Mnamo 1732, Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, alionyesha kwamba 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417. Tangu hapo hakuna nambari tasa ya sita ya aina hiyo ambayo imewahi kupatikana, licha ya kompyuta kutafuta mbali mno.

Hivyo basi nambari ya Sissa imejengwa kwa nambari tasa saba, kila moja ikitumika mara moja: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Kutokana na saba hizo unaweza kuunda vigawo 128, ukihesabu moja na nambari yenyewe. Na 128 ni mbili saba zikizidishwa pamoja. Yaani hata idadi ya vigawo vyake imeingia katika mtindo ule ule wa kuongeza maradufu.

UBAO ULIPOGEUZWA KUWA BIASHARA

Kenya iliwahi kuilipia hesabu hii kwa fedha taslimu. Kati ya 2006 na 2007 miradi ya upatu wa piramidi ilienea kote nchini, ikawavutia walimu, wafanyabiashara wadogo, waumini makanisani na wastaafu waliokuwa wamepokea malipo yao. Ilipoporomoka, mabilioni ya shilingi yalipotea. Miradi ya namna hiyo imeendelea kuchipuka tangu wakati huo, siku hizi ikipita kwenye simu.

Mpango huwa ule ule. Kila anayeingia hulipa ada, kisha hutakiwa kuwaleta wengine wawili. Fedha za walio chini hupanda kuwalipa walio juu. Mwanzilishi ni mraba wa kwanza, wawili wake ni mraba wa pili, wanne wao ni wa tatu.

Katika sensa ya 2019, Eldoret ilikuwa na wakazi 475,716, watoto wachanga wakiwemo. Mradi unaokamilisha ngazi moja kila wiki utahitaji watu 524,287 kufikia ngazi ya 19. Kwa maneno mengine, katika muda usiotimia miezi mitano hapatakuwa na mtu wa kuingizwa Eldoret nzima. Ngazi ya 21 inahitaji watu 2,097,151, ilhali Kaunti yote ya Uasin Gishu ilikuwa na 1,163,186. Ngazi ya 26 inataka zaidi ya watu milioni 67, nchi yenye watu milioni 47.6 wakati wa sensa hiyo. Ngazi ya 33 inawapita binadamu wote walio hai.

Wanaouza miradi hii hujibu kwamba mtu akiwahi mapema atakuwa salama. Ni kweli kwa huyo mmoja. Lakini sifa ya mraba wa mwisho haibadiliki, mradi uporomoke katika ngazi yoyote ile. Ukisimama kwenye ngazi ya 19, walio katika ngazi hiyo ni 262,144, na wote waliowatangulia kwa pamoja ni 262,143. Zaidi ya nusu ya waliolipa hawajapata hata shilingi. Na ikiwa mtu hulipwa pale tu ngazi mbili zilizo chini yake zinapojaa, kama ilivyo kawaida, basi wasiopata kitu ni watatu katika kila wanne. Hili halitokani na ubaya wa mwanzilishi wala uzembe wa wasimamizi. Hata mradi ukiendeshwa na malaika, robo tatu hiyo itapoteza.

Inafaa kutofautisha na mzunguko wa chama ambao akina mama wa mtaani wameuendesha kwa miaka mingi. Watu kumi wakichanga shilingi elfu moja kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu, baada ya miezi kumi kila mmoja ametoa 10,000 na kupokea 10,000. Hakuna kinachoongezwa maradufu, na hakuna mgeni anayehitajika ili wa mwisho apate chake.

BAO NA SATARANJI NDANI YA KOMPYUTA

Kompyuta huandika nambari kwa alama mbili tu, sifuri na moja. Kila nafasi ya kuandikia ina thamani maradufu ya iliyo kuliani kwake, sawasawa na miraba ya Sissa. Mashine yenye nafasi 32 inaweza kuhesabu hadi 4,294,967,295, nambari ya bao, na hapo nafasi zote 32 huwa zimejaa moja. Yenye nafasi 64 hufika 18,446,744,073,709,551,615. Simu nyingi zinazouzwa sasa katika maduka ya Eldoret ni za aina hii ya pili.

Pale ambapo nafasi moja imetengwa kwa ajili ya kuonyesha kama nambari iko chini ya sifuri, kikomo cha mashine ya 32 hushuka hadi 2,147,483,647. Mnamo Desemba 2014, YouTube ilitangaza kwamba wimbo wa Gangnam Style wa mwanamuziki Psy wa Korea Kusini ulikuwa umetazamwa mara nyingi kupita kikomo hicho, ikalazimika kuhamia nafasi 64.

Suala la saa ni zito zaidi. Kompyuta nyingi hupima wakati kwa kuhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Zile za nafasi 64 zina sekunde za kutosha kwa miaka bilioni 292, ambapo umri wa ulimwengu wote unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Zile za nafasi 32 zitaishiwa Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, saa za Afrika Mashariki. Mitambo mingi imekwisha kubadilishwa. Wasiwasi uko kwenye vifaa vidogo vilivyofungwa ndani ya mashine nyingine, katika viwanda, mitambo ya umeme na ya maji, ambavyo hakuna anayekumbuka kuvifungua.

Kifaa kisichorekebishwa, sekunde moja baada ya hapo, kitaangukia upande wa chini ya sifuri na kuonyesha usiku wa Ijumaa, Desemba 13, 1901. Wiki hiyo reli ya Uganda ilikuwa ikikaribia kufika Kisumu, na ingepita miaka tisa kabla ya barua ya kwanza kupokelewa katika posta ya Shamba Nambari 64.